Kawia Ufike: Wosia kwa Vijana wa Pikipiki wa Kabazi

Kawia ufike, walisema waliotutangulia. Wosia huu nawaandikia vijana wa Kabazi ambao riziki yao na raha yao ni pikipiki, na nawaomba wausome hadi mwisho kabla ya kunijibu. Siku hizi haipiti wiki pale steji bila vijana kuonyeshana kwenye simu picha za mtu aliyevuka nchi kumi na zaidi kwa magurudumu mawili. Humsifu, humwonea kijicho, kisha hutoa hukumu: huyo ni tajiri, pikipiki yake ni ya mamilioni, sisi si watu wa mambo hayo. Hukumu ikishatoka, kijana hupiga kiki, hupakia abiria watatu na kuteremka Subukia mbio kana kwamba anafukuzwa.

Neno langu ni hili. Kinachomvusha mtu mipaka si ukubwa wa injini wala unene wa mfuko, bali nidhamu ya kila siku. Nidhamu hiyo haiuzwi Nairobi wala Ulaya. Huanzia hapa hapa Kabazi, katika safari fupi ya kumpeleka mama sokoni. Asiyefika Subukia salama asijisumbue kuota Cairo.

Nisije nikaambiwa nahubiri hewani, natoa ushahidi. Desemba 1934 wanawake wawili Waingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki ya Panther ya cc 600, yenye kigari cha ubavuni na trela nyuma yake. Walilikata jangwa la Sahara, wakapita katikati ya bara hili, na Julai 1935 wakafika Cape Town. Lami ilikuwa haba, na simu ya kumwita fundi haikuwapo. Injini ilipowafia njiani, ilifunguliwa na kuundwa upya huko huko Agadez, kwa kuwa Wallach alikuwa amesomea uhandisi na alijua kila nati inakaa wapi. Ujasiri uliwatoa nyumbani, lakini ujuzi ndio uliowafikisha.

Mwaka 1973 Mwingereza mwingine, Ted Simon, alianza kuizunguka dunia kwa Triumph ya cc 500. Ilimchukua miaka 4, akapita nchi 45, na Kenya ikiwa mojawapo: aliingia kwetu akitokea Ethiopia. Mtasema hao ni wazungu wa zamani. Haya, tuje kwa Waafrika wa leo. Mwaka 2022 Mnigeria Kunle Adeyanju alitoka London akafika Lagos kwa siku 41, akichangisha fedha za vita dhidi ya polio kupitia Rotary. Na mwaka 2024 binti wa Nigeria, Ebaide Udoh, alifanya jambo linalotugusa zaidi: alianzia Mombasa yetu hii, akafika Lagos peke yake, tena kwa pikipiki ya cc 250. Boxer nyingi zinazosimama steji ni za cc 100 na 150. Tofauti ipo, lakini si ya mbingu na ardhi. Basi ile hukumu ya kwamba safari hizi ni za matajiri wenye mapikipiki makubwa imeanguka.

Watu hawa wana nini ambacho sisi hatuna? Nayataja mambo manne.

Kwanza, wanakijua chombo chao. Juzi nilisimama steji nikaitazama pikipiki moja kwa utulivu, nikingoja mwenyewe amalize chai. Cheni ilikuwa imelegea hata inagonga mkono wa gurudumu, tena kavu, na kutu imeshaanza. Tairi la nyuma lilikuwa laini kama kiganja. Indiketa moja ilifungwa kwa mfuko wa nailoni, na kioo cha pembeni kilikuwa kimeng'olewa ili pikipiki ipenye kati ya magari. Kwenye karia palikuwa na gunia la viazi lililozidi kimo cha dereva. Mwenyewe alipotoka hotelini hakutazama hata kimoja cha hivyo. Alipanda akaenda.

Sasa mtazame msafiri wa mbali. Jioni akifika, kabla ya kuulizia chakula, huinama na kuipaka cheni mafuta ingali na joto, maana mafuta hupenya vizuri wakati huo. Asubuhi hupima upepo wa tairi kabla hazijapata moto, kisha huisukuma cheni kwa kidole aone kama inacheza kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha kiwanda, ambacho kwa pikipiki nyingi ni sentimita 2 au 3. Akipita penye vumbi hufungua chujio la hewa akalisafisha. Mzigo mzito huuweka chini na karibu na kiti, si juu na nyuma, ili usukani usije ukawa mwepesi mbele. Kazi yote hiyo haimalizi robo saa, na haihitaji utajiri.

Pili, wanauheshimu mwili. Msafiri hutua kabla ya giza, na hapandi pikipiki akiwa na usingizi au ulevi. Kofia yake huwa imefungwa kamba chini ya kidevu. Sisi kofia tunaitundika kwenye kioo au kiwikoni, tukaivaa tukimwona polisi, kana kwamba ni polisi atakayegonga kichwa barabarani. Sheria ya Kenya imesema waziwazi: mwendeshaji na abiria wavae kofia ngumu na jaketi linaloakisi mwanga, na abiria awe mmoja tu. Haikusema "ila kama ni jirani" wala "ila kama mvua inakuja".

Na kuna ugonjwa mwingine wa kwetu: kuzima injini kwenye mteremko wa kutoka Nyahururu ili kuokoa petroli. Mpendwa, injini iliyo kwenye gia nayo ni breki. Ukiizima na kutoa gia, unaziachia breki za gurudumu mzigo wote peke yao kwenye kona zile, nazo zikipata moto sana hulegea. Umeokoa petroli ya shilingi chache, umeweka rehani mguu wako. Nendeni katika wodi za mifupa mkahesabu vijana wa rika lenu walioning'inizwa miguu kwa uzito, kisha mje mniambie nani amepata faida.

Tatu, karatasi zao ziko sawa. Kijana wetu akiona kizuizi cha polisi hugeuza na kukatiza mashambani. Msafiri hana shamba la kukatizia, kwani mpaka humngoja mbele. Hubeba logbuku, leseni ya kimataifa, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na bima inayokubalika ng'ambo, ambayo kwa nchi nyingi za ukanda wetu ni Kadi ya Manjano ya COMESA. Akielekea nchi kama Misri huhitaji pia kijitabu cha forodha kiitwacho carnet, ambacho hapa Kenya hutolewa na AA. Kijitabu hicho hugongwa muhuri pikipiki ikiingia na ikitoka. Usipogongewa wa kutoka, forodha itahesabu kwamba chombo umekiuza huko, na dhamana uliyoweka itakuwa mashakani. Mtu asiyejua bima yake ya Nakuru inakwisha lini atayawezaje hayo?

Nne, wana adabu ya ugenini. Mpakani mtu huweza kungoja nusu siku. Mwenye hasira hungoja siku nzima. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Tena kila nchi ina desturi zake. Ukivuka Moyale kuingia Ethiopia, palepale unahama upande wa barabara, kwa kuwa wenzetu wale huendesha kulia; Rwanda, Burundi na Kongo ni vivyo hivyo. Lakini Ethiopia hiyo hiyo utakuta saa zao zinahesabiwa kama zetu za Kiswahili, saa moja ikianza baada ya mapambazuko. Mgeni anayejua kutazama huona alipotofautiana na mwenyeji na pale walipo ndugu. Hiyo ndiyo maana ya tembea uone. Wengi wetu tunatembea tuonekane.

Najua jibu lenu. "Mzee, sisi tunatafuta unga. Pikipiki ni ya mkopo, na tajiri anangoja hesabu jioni. Safari za nchi za watu tutazipatia wapi?" Jibu hilo nalipokea kwa heshima, maana njaa haichezewi. Lakini kumbukeni nilivyosema: sikuwaita mwende Cairo kesho. Nimesema nidhamu ya Cairo ifanyeni hapa, na hapa ndipo inapolipa haraka zaidi. Cheni iliyotunzwa hukaa muda mrefu. Tairi zima halikulazi porini usiku na abiria wa watu. Mwendeshaji anayejulikana kwa kofia mbili na mwendo wa kiasi ndiye mzazi atakayemkabidhi mtoto wa shule, na ndiye mfanyabiashara atakayempa mzigo wa kila siku. Hiyo ni hesabu ya unga, si ya anasa.

Na baada ya hapo, msiseme mipaka iko mbali. Tangu 2014 Mkenya huingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chake tu. Barabara ya Isiolo hadi Moyale, kama kilomita 500, zamani ilikuwa ya mawe na mawimbi ya kuvunja shokabu, na malori yalikwenda kwa msafara chini ya ulinzi wa askari. Leo ni lami tupu. Kutoka kwetu unapanda Nyahururu, unapita Nanyuki na Isiolo, na njia ya Addis Ababa imefunguka mbele yako. Wageni kutoka mabara mengine huja kuitafuta njia hiyo, nasi tulio jirani nayo tunawatazama kwenye simu. Vikundi vyenu vya steji vinaweka akiba ya matanga na ya mikopo. Ni nani aliyewakataza kuweka kidogo cha vijana wawili kufika Kampala kila mwaka, waone wenzao wanavyoendesha kazi hii, warudi wawafundishe?

Wenyeviti wa steji, na ninyi hamkusalimika. Mmekuwa wepesi wa kukusanya ada na wazito wa kukemea. Wekeni kanuni kwamba pikipiki yenye tairi kipara haipandi foleni, na abiria wa pili hapakiwi hata akitoa pesa mara mbili. Wazazi, msimnunulie mtoto pikipiki kabla hajapita chuo cha udereva na kupata leseni, maana hapo hamkumpa kazi, mmempa ajali. Na sisi abiria tuache kumsukuma mwendeshaji mgongoni tukimwambia aongeze mwendo, halafu jioni tukamlaumu matangani.

Basi, wanangu, kesho alfajiri kabla ya abiria wa kwanza, piga goti kando ya pikipiki yako. Shika cheni, bonyeza tairi, jaribu breki na taa, funga kamba ya kofia, hakikisha karatasi zimo mfukoni. Kesho kutwa ufanye tena. Atakayefanya hivyo mwaka mzima bila kuruka siku, aje kwangu akiwa na pasipoti yake mkononi, nami nitamjazia tangi la kwanza la kwenda Moyale.