Cheti ni Bure, Uangalizi Je?

Katika wiki ya usajili wa Usiku wa Kiswahili, mama mmoja wa jumuiya yetu hapa mjini alitupigia simu. Alikuwa akijaribu kuandikisha familia yake kwenye tovuti ya klabu. "Wanangu, simu yangu inasema tovuti yenu si salama. Niendelee au niache?" Tuliokuwapo tukatazamana, kisha mmoja wetu akajibu: "Shikamoo mama. Usiwe na wasiwasi, bonyeza tu pale palipoandikwa endelea."

Mama akaendelea. Familia ikaandikishwa, siku ikafika, pilau ikaliwa, ngoma zikachezwa. Lakini jibu lile limetukera tangu siku hiyo, na ndilo linalotufanya tushike kalamu.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Cheti cha usalama cha tovuti yetu kilikuwa kimekwisha muda wake siku mbili kabla. Cheti hicho ndicho kinachowezesha anwani kuanza na HTTPS, na kina kazi mbili. Kwanza, kwa msaada wake, maneno yanayopita kati ya simu ya msomaji na seva yetu hufichwa, hivyo anayechungulia njiani, tuseme kwenye Wi-Fi ya mkahawa, hawezi kuyasoma wala kuyabadilisha. Pili, kinathibitisha kwamba seva inayojibu ni ya anayelimiliki jina la tovuti hiyo kweli. Hakisemi kwamba mwenye tovuti ni mtu mwaminifu. Hata tapeli anaweza kupata cheti cha tovuti yake mwenyewe. Asichoweza kwa urahisi ni kupata cheti chenye jina la tovuti yetu, au la benki ya mama yule.

Ndiyo maana onyo la kivinjari lina thamani. Mama hana namna ya kujua kama cheti kimechelewa tu kuhuishwa au kama kuna mtu amejipenyeza katikati. Alichoweza kufanya ni kusimama na kuuliza, na alifanya hivyo. Sisi, wasomi wa chuo kikuu, tukamfundisha kwamba onyo ni kero ya kupitwa. Siku atakapofungua ukurasa wa benki na kukutana na onyo kama lile, atakumbuka maneno ya nani?

Zamani tungejitetea kwa umaskini. Vyeti vilinunuliwa, na mfuko wa klabu unaotegemea michango na mauzo ya sambusa haukuweza kuvimudu kila mwaka. Utetezi huo haupo tena. Tangu Desemba 2015, Let's Encrypt, huduma inayoendeshwa na shirika lisilo la faida la Internet Security Research Group huko Marekani, inampa cheti bure kila mwenye jina la tovuti. Kwenye seva ya Linux kama yetu, programu ya Certbot inayotolewa na Electronic Frontier Foundation humaliza kazi kwa dakika chache. Huomba cheti, hupewa faili dogo la kuweka kwenye seva, kisha Let's Encrypt huja kulitafuta faili hilo kupitia mlango namba 80. Ikilikuta, inajua kwamba mwombaji ndiye anayeimiliki tovuti, na cheti hutolewa. Ufunguo wa siri hautoki kwenye seva hata kidogo.

Cheti chetu hudumu siku 90. Certbot hukikagua mara mbili kwa siku, na zikibaki siku 30 huanza kukihuisha yenyewe. Basi ilikuwaje kikaisha? Mwanachama mmoja, kwa nia njema ya kuimarisha ulinzi wa seva, aliufunga mlango namba 80 akiamini kwamba hautumiki tena. Kwa mwezi mzima Certbot ilijaribu ikashindwa, ikaandika kila kosa kwenye kumbukumbu za seva, na hakuna aliyezifungua. Zamani Let's Encrypt ilituma barua pepe ya kukumbusha, lakini iliacha kufanya hivyo Juni 2025. Hata ingetuma, barua ingemfikia mwenzetu aliyeijenga tovuti, ambaye amekwishahitimu na kurudi nyumbani.

Hapo ndipo penye hoja yetu. Kila mwaka tunapokabidhiana uongozi, mweka hazina hukabidhi hesabu na katibu hukabidhi daftari la wanachama. Seva haikabidhiwi na mtu. Tunaiona ni mambo ya "yule wa kompyuta", ilhali ndani yake mna majina na namba za simu za wanachama, pamoja na sauti za wazee tulizorekodi wakitusimulia hadithi. Cheti kimekuwa bure. Kilichobaki kutugharimu ni uangalizi, na huo hatujautoa.

Wapo wanaosema tumwachie mtu mmoja anayejua, kwani manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hatuombi manahodha wengi. Tunaomba nahodha asiwe peke yake anayejua usukani ulipo, maana kwetu kila nahodha hushuka chomboni baada ya miaka mitatu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Seva iwe na wasimamizi wawili, na angalau mmoja asiwe wa mwaka wa mwisho. Mawasiliano yote ya seva yatumie barua pepe ya klabu, si ya mtu binafsi. Kila mwanzo wa mwezi wasimamizi waendeshe amri ya majaribio, sudo certbot renew --dry-run, na waweke kengele ya kuwaarifu cheti kikibakiza siku 20. Na maelekezo haya yaandikwe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, ili hata mwanachama wa mwaka wa kwanza aweze kuyafuata.

Hili la mwisho tunawaelekezea pia walimu wetu. Kila mwaka tunasimama jukwaani na kutangaza kwamba Kiswahili ni lugha ya sayansi na teknolojia. Maneno tunayo: seva, kivinjari, cheti, ufunguo. Lakini maelekezo ya seva yetu wenyewe hayapo kwa Kiswahili. Tungefurahi ukurasa huo ukawa zoezi la darasa, ukasahihishwa kwa wino mwekundu, kisha ukatumika.

Tusichelewe. Kwa kanuni zilizokwisha kupitishwa, kuanzia Machi 2029 cheti cha tovuti hakitaruhusiwa kuzidi siku 47. Asiyekuwa na utaratibu wa siku 90 atapata tabu zaidi wakati huo.

Mama yule tumempigia simu na kumwomba radhi. Tumemwambia kwamba alifanya sawasawa kuuliza, na kwamba siku nyingine akiona onyo, hata kwenye tovuti yetu, aache na atupigie. Kazi ya kurekebisha ni yetu, si yake.