Mtoto Aliaye Usiku Juu ya Mti

 

Nilipokuwa msichana mdogo kijijini Mufindi, mkoani Iringa, nyuma ya nyumba ya jirani yetu mmoja, bibi mjane, palikuwa na mkuyu mkubwa. Makuyu yalipoiva, usiku tulisikia kilio kule juu, kama cha mtoto mchanga aliyeachwa nje kwenye baridi. Sisi watoto tulijifunika gubigubi. Usiku mmoja kijana fulani alimulika tochi mtini, akaona macho mawili mekundu yakiwaka, akatimua mbio. Kesho yake watu walinong'ona kwamba yule bibi anafuga mtoto wa kichawi. Tangu siku ile hakuna aliyetumwa kwake kuomba moto wala chumvi. Alipougua, alikosa hata mtu wa kumchotea maji, mpaka mama yangu alipojitwika ndoo na kwenda.

Je, nani alikuwa akilia? Alikuwa komba.

Komba ni ndugu wa mbali wa nyani na kima, lakini yeye hutembea usiku. Mchana hulala kwenye tundu la mti au katikati ya majani yaliyosongamana. Wako komba wakubwa kama paka, wenye mkia mnene wa manyoya, na ndio wenye kilio kile cha kutisha. Wako pia wadogo wanaoenea kiganjani, lakini hodari wa kuruka: komba mdogo wa misitu ya miombo huweza kuruka zaidi ya mita 2 kwenda juu. Chakula chao ni wadudu, matunda na utomvu wa miti. Wenzetu wa pwani humjua kwa kunywa tembo katika vibuyu vya wagema, ndiyo maana mtu aliyelewa chakari huambiwa amelewa kama komba.

Kile kilio si cha mtoto. Ni komba mzima anayewajulisha wenzake alipo. Na sauti hiyo ina faida, kwa kuwa aina nyingi za komba hufanana mno kwa umbo. Katika misitu kama ile ya Udzungwa, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1992, wataalamu huwatambua kwa kusikiliza milio yao gizani. Sauti iliyotutia hofu sisi, kwa wengine ni somo.

Na yale macho mekundu? Nyuma ya jicho la komba upo utando unaong'aa kama kioo, kama ule wa jicho la paka. Hurudisha mwanga ili mnyama aone vema penye giza. Ukimmulika, mwanga wa tochi yako mwenyewe ndio unaokurudia. Huko Ufilipino na Indonesia yuko mnyama mwingine wa usiku aitwaye tasia, ambaye hana utando huo. Yeye amejaliwa macho makubwa mno, kila jicho likilingana na ubongo wake. Kwa kuwa macho hayo hayawezi kuzunguka, hugeuza shingo mpaka akatazama mgongoni kwake.

Sasa sikilizeni habari za mama komba, maana ni mama mwenzetu. Komba mdogo hubeba mimba kwa muda wa miezi minne hivi, na mara nyingi huzaa pacha. Anapokwenda kutafuta chakula huwabeba wanawe kwa mdomo, mmoja mmoja, kama paka. Huwaficha penye majani mengi, akawaacha watulie, naye akaenda kuhangaika. Mtoto akiona upweke huita kwa sauti nyembamba, na mama hurudi. Kuna mama gani kati yetu ambaye hajawahi kumlaza mwanawe kivulini pembeni ya shamba, huku akilima na sikio lake likiwa kule kwa mtoto?

Basi tuangalie tunachowafundisha watoto wetu jua linapokuchwa. Ni rahisi kumwambia mtoto, "Nyamaza, mchawi anakuja!" Mtoto atanyamaza, lakini hofu ile atakua nayo, na kesho ataitafutia mtu wa kuitwika. Mara nyingi mtu huyo ni bibi kizee anayeishi peke yake, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa miaka mingi ya kupulizia kuni jikoni. Wako wanawake wazee katika nchi yetu waliouawa kwa sababu ya macho hayo.

Mwanao akishtuka usiku kwa kilio hicho, mshike mkono, mtoke pamoja na tochi. Mwonyeshe macho yale mtini, umweleze. Mkataze kumpiga mnyama huyo mawe au kumfunga kamba. Na baba akitaka kukata mti mzee wenye tundu, mkumbushe kwamba huenda ni nyumba ya mtu.

Yule bibi wa mkuyuni alipona. Siku mama aliponichukua twende naye, alitupa makuyu yaliyodondoka usiku, mengine yakiwa na alama za meno madogo. Akacheka, akasema, "Hayo wameonja wajukuu zangu wa juu."