Sinema ya Simba na Insha Zetu

Sinema ya katuni iitwayo The Lion King, iliyotoka Marekani mwaka 1994, yajulikana sana hapa Tanga, kwa kuwa baadhi ya wanyama wake wana majina ya lugha yetu wenyewe: Simba, Rafiki, Pumbaa. Lakini ni wachache wajuao kwamba hadithi tuionayo siyo ile iliyokusudiwa hapo kwanza.

Mazungumzo juu ya sinema hiyo yalianza mwaka 1988, yaani miaka sita kabla ya kuonyeshwa. Katika mpango mmoja wa mwanzo, hadithi ilikuwa ya vita kati ya simba na nyani, na yule adui, Scar, alikuwa mkuu wa nyani. Rafiki, ambaye leo ni mzee wa hekima mwenye bakora, alikuwa duma. Hata jina lilikuwa jingine, lenye maana ya Mfalme wa Msituni. Likaachwa, maana simba ni mnyama wa mbuga. Wimbo mmoja juu ya kula wadudu uliachwa pia, na mahali pake pakaingia Hakuna Matata, maneno waliyoyapata watengenezaji walipozuru Kenya.

Badiliko kubwa kuliko yote ni la Scar, aliyefanywa ndugu wa baba yake Simba. Kwa maoni yangu, hapo ndipo hadithi ilipopata nguvu. Mkulima wa Muheza amjua nyani kuwa mwizi wa mahindi, naye hukesha kumlinda. Lakini ni nani akeshaye kumlinda ami yake? Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Yafaa tujiulize kwa nini watu hao waliweza kuacha kazi nyingi kiasi hicho. Sababu ni kwamba waliiacha ingali rahisi. Katika sekunde moja ya sinema hupita picha 24; basi dakika moja ni picha 1,440. Kuzichora kwa ukamilifu ni gharama kubwa. Kwa hiyo kwanza huchora michoro ya haraka haraka, huibandika ukutani kwa mfuatano, wakaitana na kuulizana: Je, hadithi yaeleweka? Isiyofaa hubanduliwa.

Tutazame sasa madaftari yetu. Mwanafunzi huandika insha usiku wa kuamkia siku ya kukusanya. Mwalimu huisahihisha kwa wino mwekundu. Mwanafunzi hutazama alama, hufunga daftari, na yale yaliyoonyeshwa hayafanyiwi kazi tena. Na mwenzetu akifuta ukurasa mzima ili aanze upya, huchekwa kuwa mzito wa akili. Hivyo twajifunza kumaliza, hatujifunzi kuandika.

Napendekeza kwamba kila muhula insha moja iandikwe mara mbili. Ile ya kwanza isomwe na mwanafunzi mwenzako, naye aseme ni wapi alipochoka na wapi asipoelewa. Ya pili ndiyo impelekee mwalimu, zote mbili zikiwa pamoja, ili aone kilichoachwa na kilichobaki.

Najua yatakayosemwa. Walimu wana madaftari mengi. Lakini hapa mwalimu asahihisha insha moja tu, tena iliyokwisha kupunguzwa makosa. Wengine watasema kwamba katika mtihani huandiki mara mbili. Ni kweli, lakini hata mcheza mpira hurudia shuti lake mara nyingi uwanjani ili siku ya mashindano limtii kwa mara moja. Nanyi wazazi wetu, mkiona kurasa zilizojaa mistari ya kufuta, msidhani fedha za daftari zimepotea.

Mkoa huu ndio uliomzaa Shaaban Robert, mwaka 1909, huko Vibambani. Hadithi za sungura na fisi tunazo tele kwa bibi zetu. Na kule Dar es Salaam, tangu mwaka 2014, hutengenezwa katuni za Ubongo Kids kwa ajili ya watoto wa Kiafrika. Kazi ya namna hiyo yaweza kufanywa na vijana wa Tanga vilevile, iwapo watazoea mapema kuacha wazo zuri kwa ajili ya lililo zuri zaidi. Basi tuanze muhula ujao.