Baba Yuko Baharini, Sauti Yapitia Angani

Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya chombo ambacho wengi wetu hatujapata kukiona kwa macho, ingawa nyumba zetu nyingi hukitegemea. Chombo hicho ni setilaiti ya mawasiliano.

Huenda mwenzetu mmoja akauliza: mambo ya angani yanamhusu nini mama mwenye watoto wa kupeleka shule na unga wa kutafuta? Yanamhusu sana, hasa ikiwa mumewe au kijana wake ni baharia. Meli ikiwa katikati ya bahari hakuna mnara wa simu. Sauti ya baba huja nyumbani kwa njia ya setilaiti, nayo njia hiyo ina tabia zake. Asiyezijua huweza kumdhania vibaya mtu asiye na kosa.

Chukueni mfano huu. Mke anauliza katika simu, "Je, unatukumbuka huko uliko?" Kisha kimya. Kimya chenyewe ni kifupi mno, lakini moyo wa mke hukipima kwa kipimo kirefu. Anajiambia kwamba mume amesita. Naye anaongeza swali jingine kwa ukali, wakati uleule jibu la kwanza linapofika, na maneno yanagongana. Simu inakatwa, kila mmoja amenuna. Kumbe hakuna aliyesita. Ni umbali tu.

Hebu tuuone umbali huo. Setilaiti nyingi za simu na televisheni zimewekwa juu ya mstari wa Ikweta, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini. Huko juu setilaiti huenda kwa mwendo wa karibu kilomita 3 kwa sekunde, nayo huizunguka dunia mara moja kwa siku. Kwa kuwa dunia nayo hujizungusha mara moja kwa siku, setilaiti huonekana kana kwamba imesimama mahali pamoja. Ni kama mtoto aliyebebwa mgongoni: mama akigeuka, mtoto naye huzunguka, wala haachi kuona kisogo kilekile. Ndiyo sababu dishi la televisheni likishaelekezwa vizuri na fundi, halina haja ya kuhangaika kuitafuta setilaiti kila saa.

Mtu aliyeeleza jambo hili hadharani mapema ni mwandishi Mwingereza, Arthur C. Clarke, mwaka 1945. Alionyesha kwamba vituo 3 vya namna hiyo vingeweza kuwasiliana na karibu dunia nzima. Wakati huo hapakuwa na setilaiti hata moja. Miaka 20 baadaye, Aprili 1965, ilirushwa setilaiti iliyoitwa Early Bird, ikaweza kupitisha kiasi cha mazungumzo 240 ya simu kwa wakati mmoja kati ya Ulaya na Marekani. Hapa kwetu Afrika Mashariki, kituo cha Longonot katika Bonde la Ufa, nchini Kenya, kilianza kazi mwaka 1970.

Sasa sauti yenyewe husafirije? Baba akizungumza, simu hugeuza sauti yake kuwa mawimbi ya redio. Antena iliyo juu ya meli huyarusha mawimbi hayo hadi kwenye setilaiti. Yakifika huko yamekwisha kuwa dhaifu sana. Setilaiti huyapokea, huyakuza, kisha huyarudisha ardhini kwa masafa mengine. Kwa nini masafa mengine? Kwa sababu kama ingetumia yaleyale, kelele yake yenyewe ingeyafunika mawimbi dhaifu yanayoingia, kama vile mtu anayepiga yowe asivyoweza kusikia mnong'ono. Chini hapa kituo kikubwa huyapokea kwa dishi lake na kuiunganisha sauti na mitambo ya simu ya kawaida, ndipo inapofika katika simu ya mama jikoni.

Nguvu ya kufanya kazi hiyo yote setilaiti huipata kwenye jua, kwa paneli zake, na betri huisaidia wakati kivuli cha dunia kinapoifunika. Hubeba pia mafuta ya kujisahihisha inapoanza kusogea kutoka mahali pake. Mafuta yakikaribia kwisha, huwa imefika mwisho wa utumishi wake, mara nyingi baada ya miaka 15 hivi.

Turudi kwenye kimya kile. Mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Kupanda na kushuka ni kama kilomita 72,000, basi neno la mama humfikia baba baada ya karibu robo ya sekunde. Jibu la baba nalo huchukua robo nyingine. Jumla ni nusu sekunde, na mitambo ya njiani huweza kuongeza kidogo. Hata baba akijibu papo hapo, mama atasikia kimya. Wakati mwingine atasikia na mwangwi wa sauti yake mwenyewe, akadhani kuna mtu anayemwigiza. Hayo yote ni ya njia, si ya moyo.

Ikiwa simu inakatika ghafula, pia kuna sababu. Meli inapogeuka, mlingoti au dohani huweza kuikinga antena isiione setilaiti. Mvua kubwa nayo hudhoofisha mawimbi ya masafa ya juu, kama mnavyoona picha ya televisheni ya dishi ikipotea wakati wa mvua.

Ni kweli kwamba mambo yamebadilika. Tangu mikongo ya chini ya bahari ilipoanza kufika pwani yetu mwaka 2009, simu nyingi za kwenda Uarabuni na Ulaya hupita humo, na kimya kimepungua. Tena ziko setilaiti zinazozunguka karibu zaidi, kiasi cha kilomita 550 tu, kama zile za Starlink, ambazo tangu mwaka 2022 zimeanza kutumiwa na meli. Kwa hizo kuchelewa ni kidogo sana. Hata hivyo, bado kuna meli zinazotegemea setilaiti za mbali.

Basi tufanyeje? Kwanza, sema sentensi yako uimalize, kisha ngoja. Hesabu kimoyomoyo moja, mbili, kabla ya kuongeza neno. Pili, andika mapema mambo ya lazima: karo, afya ya watoto, habari za wazee. Yaanze hayo, kwa maana dakika za simu ya namna hii ni ghali. Tatu, ugomvi usimalizwe kwa simu ya setilaiti. Mambo mazito yaandikiwe barua au ujumbe, aweze kuusoma kwa utulivu.

Kuna jambo la nne, nalo ni zito kuliko yote. Setilaiti hazibebi salamu peke yake. Meli kubwa huwa na redio ndogo ya dharura. Meli ikizama, redio hiyo hujifungua, huelea juu na kuita msaada kupitia setilaiti za mpango wa Cospas-Sarsat. Watu wa kwanza kuokolewa kwa mpango huo walikuwa 3, nchini Kanada, Septemba 1982. Taarifa za namna hiyo hupelekwa kwenye vituo vya uokoaji, na kimoja cha kanda yetu kilifunguliwa Mombasa mwaka 2006.

Lakini mama aliyeko nyumbani atauliza nini ikiwa hajui hata jina la meli? Muombe mumeo, kabla hajaondoka, akuandikie jina la meli, jina na simu ya kampuni iliyomwajiri, na namba ya IMO ya meli. Namba hiyo ina tarakimu 7. Meli huweza kuuzwa, ikabadilishwa jina na hata bendera, lakini namba hiyo haibadiliki. Hakikisha pia kwamba jina lako na namba yako ya simu ya sasa zimo katika karatasi zake za kazi. Karatasi hiyo iweke pamoja na vyeti vya watoto, na mwonyeshe mtoto mkubwa mahali ilipo.