Fidia ya Kuadhibu ni Nini?

Mama mpenzi, tuseme mgambo wamevunja kibanda chako cha dagaa sokoni Ujiji bila amri yoyote ya sheria. Ukilipwa mbao, dagaa na siku ulizokosa biashara, hiyo ni fidia ya kawaida. Fidia ya kuadhibu huongezwa juu yake ili kumkomesha mkosaji, nayo hupewa wewe. Haiendi serikalini kama faini. Ila haitolewi ovyo. Mwaka 1971, katika kesi ya Obongo na Manispaa ya Kisumu, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilifuata msimamo wa Uingereza: watumishi wa serikali wawe wameonea watu, au mkosaji awe amepiga hesabu kwamba faida itazidi fidia, au sheria yenyewe iruhusu. Hasira zako peke yake hazitoshi, dada! Ukifungua kesi ya madai, iombe waziwazi katika hati yako, na risiti za mbao usizitupe.