Picha za usiku: Wanaosema "ni bahati tu" wanakosea

Picha nzuri ya usiku ikianza kuzunguka kwenye simu mjini Goma ao Bukavu, neno la kwanza la watu huwa lile lile: huyu alikuwa na bahati. Motari alipita wakati taa ya gari iliwaka nyuma yake, mvua ilikuwa imekatika, mama mwenye beseni kichwani akageuka, na kijana mwenye aparei akabofya. Basi. Kazi ya usiku mzima inamalizwa kwa neno moja, na hata wale wanaotaka kuinunua wanaona bei haina sababu ya kupanda, kwani nani analipa bahati?

Kweli, bahati ipo, na kuikataa ni kudanganya. Mfaransa Henri Cartier-Bresson alipiga mwaka 1932, nyuma ya kituo cha treni cha Saint-Lazare mjini Paris, picha ya mtu anayeruka dimbwi la maji, kisigino kikiwa karibu kugusa kivuli chake. Lenzi alikuwa ameipenyeza katika nafasi kati ya mbao za uzio, hata ilibidi baadaye sehemu ya picha iliyofunikwa na ubao ikatwe. Ni bahati kubwa. Lakini ile ilikuwa mchana. Mchana kamera inaweza kufunguka na kujifunga kwa sehemu moja ya mia tano ya sekunde, kwa hiyo anayekimbiza tukio anaweza kulinasa. Usiku hesabu inabadilika: mara nyingi ni sehemu moja ya thelathini ya sekunde, ao zaidi, na mtu anayetembea anageuka moshi. Usiku mtu hakimbizi picha. Anaingojea.

Brassaï, aliyepiga picha za usiku wa Paris miaka ya 1930 mwanzoni, alielewa hilo kuliko wengi. Alisimamisha kamera yake juu ya miguu mitatu, akaifungua, akawasha sigara. Sigara ya Gauloise kwa mwanga wa kawaida. Kama giza lilikuwa zito zaidi, Boyard, iliyo nene. Mtu anayepima picha kwa sigara nzima hawezi kusema tukio lilimkuta njiani. Alikuwa amechagua kona, taa na ukuta kabla.

Goma ina giza lake. Mawe meusi ya volkeno ya Nyiragongo, yaliyotapakaa barabarani na kwenye kuta za nyumba nyingi, yanameza mwanga. Pikipiki inapita, taa yake inaanguka chini na hakuna kinachorudi. Mvua ikinyesha tu, mawe yale yale yanang'aa kama sahani. Mpiga picha anayejua hilo anatoka nyumbani wakati wengine wanakimbilia kwenye vibaraza. Tena hatafuti watu kwanza. Anatafuta mwanga: balbu ya butike, tochi ya simu ya mama anayeuza sambaza, makaa ya anayechoma mahindi, taa za wamotari wanaosubiri wateja. Umeme ukikatika, hivyo ndivyo vinabaki, na mara nyingi vinatosha.

Baada ya hapo ndipo mpangilio unaanza. Anasimama upande ambao mwanga utakuwa nyuma ya mpita njia. Anaacha nusu ya picha iwe nyeusi kabisa, bila kuogopa utupu. Halafu anangojea chukudu. Mwenye chukudu akisukuma mzigo, kuna nukta moja ambapo miguu yake imeachana na mwanga unapita katikati. Hatua moja baadaye miguu inaungana na mtu anaonekana kama mti uliochomekwa chini. Kichwa nacho lazima kiangukie penye mwanga, kisimezwe na ukuta. Kati ya watu arobaini watakaopita, labda mmoja atafanya hivyo. Huyo mmoja ndiye watu wanaita bahati. Wale thelathini na tisa hawaonekani.

Rangi nyeusi na nyeupe inasaidia kwa sababu rahisi: taa za mjini zina rangi zinazogombana, balbu ya manjano kando ya taa nyeupe ya buluu kando ya bango la kijani. Zikiondolewa, umbo linabaki. Lakini wengi siku hizi wanaondoa rangi ili kuficha picha mbovu, na hiyo inaonekana haraka. Picha isiyo na umbo haipati umbo kwa kufanywa kijivu.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Kinshasa. Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928, alianza kwa kununua aparei ndogo ya Adox kwa ajili ya ndoa yake. Mwaka 1954 Franco, yule wa OK Jazz, alimchagua kuwa mpiga picha wake. Usiku Depara alizunguka kwenye baa na dansi akiwa na flashi yake, akapiga wanamuziki, warembo, vijana waliojiita Bills waliovaa kama wacheza sinema wa Marekani. Hakuiba picha. Walimjua, walimwachia nafasi mezani, na wengine walijipanga wenyewe mbele yake. Nafasi hiyo mezani ilimpa picha ambazo mgeni asingepata hata kwa lenzi ya gari zima.

Hapo ndipo shida ya mashariki ilipo. Nani leo anaweza kusimama saa nzima kwenye kona ya Birere ao Kadutu usiku, aparei mkononi? Mwenye silaha anamwona mpelelezi. Mwizi anaona simu ya bure. Msichana anayefanya kazi hiyo anasikia matusi kabla hajafungua lenzi. Vijana wanapiga haraka, kutoka ndani ya gari ao juu ya pikipiki, halafu wanalaumiwa kwamba picha zao hazina mpangilio. Viongozi wa mji wanaosema wanapenda utamaduni wangeanza na jambo dogo: kanuni iliyo wazi juu ya kupiga picha barabarani, inayojulikana hata na askari wa zamu ya usiku, si na karani wa ofisi peke yake.

Vijana nao wana deni. Mama anayeuza mkate kwa mwanga wa mshumaa hakutoka nyumbani ili awe sura ya umaskini. Wengine wanajibu kwamba ukimwomba ruhusa, nukta inapotea. Si lazima iwe usiku ule ule: anayemsalimia Jumatatu na kununua mkate wake Jumanne anaweza kuja Alhamisi na aparei, na mama ataendelea na kazi yake kama hayupo.

Depara alikufa mwaka 1997, na picha zake zimeonyeshwa Ulaya kwa sababu kuna negativi zilizobaki. Wengi wa Goma wanahifadhi kila kitu ndani ya simu moja. Nakala ya pili, kwenye diski iliyo nyumba nyingine, yenye tarehe na jina la avenyu, inagharimu kidogo kuliko lenzi yoyote.