Acheni kuipaka spoila ya mpira kama bati

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima, na safari hii si kosa la kazi wala la tarakilishi. Ni spoila. Naam, ile ya mpira iliyo juu ya buti la gari langu, BMW E30 ya 1989. Nimeilipia rangi mara 2 ndani ya miezi 14, na mara zote 2 imepasuka kama matope ya bwawa lililokauka. Niliporudi mara ya 3 fundi aliitazama, akanitazama mimi, akasema: "Bosi, hii imekwisha. Tuitoe tukuwekee ya faiba."

Hapo nilikasirika, na hasira hiyo ndiyo mnayoisoma.

Spoila haikuwa imekwisha. Kilichokwisha ni rangi. Kile tunachokiita mpira kwenye magari ya miaka hiyo mara nyingi ni poliyurethani, kitu kilichotengenezwa makusudi kinyumbuke. Ukifunga buti kwa kiganja, kinabonyea na kurudi. Sasa fundi anachukua fila ile ile ya kuzibia mabonde ya mlango, ambayo ikikauka ni jiwe, anaijaza kwenye nyufa. Juu yake praima nzito, juu yake rangi, tabaka juu ya tabaka mpaka ing'ae. Cha chini kinanyumbuka, cha juu hakiwezi. Ongeza jua la Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku wa Julai. Mnategemea nini?

Sisi waandishi wa programu tunaijua tabia hii. Programu inaonyesha kosa, mtu anauficha ule ujumbe badala ya kulitafuta kosa lenyewe, kisha anashangaa mteja akimpigia simu Jumapili.

Mtaniambia ipo dawa ya kuchanganya na rangi ili inyumbuke, madukani wanaiita fleksi. Ipo, na inasaidia ikichanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Lakini si hirizi. Ukiimwaga juu ya fila ngumu na rangi nzee iliyokwisha pasuka, nyufa za chini zitapanda tu. Kazi yenyewe iko kabla ya rangi: kuondoa rangi yote ya zamani kwa msasa na subira, bila kuilowesha kwa thina, maana thina huweza kuivimbisha poliyurethani na kuilainisha. Nyufa zizibwe kwa fila ya plastiki inayonyumbuka. Kisha tabaka nyembamba, chache. Na kama uliwahi kuipaka mafuta ya kung'arisha tairi (mimi niliwahi, msinicheke), ioshe kwa sabuni na dawa ya kutoa grisi kabla hujagusa msasa. Silikoni ikibaki, rangi itajikunja na kuacha vishimo vya duara kama macho ya samaki.

Kuna jambo lililonisumbua zaidi ya pesa zangu. Kijana aliyeipiga spre alikuwa amejifunga kitambaa mdomoni. Hadina ya rangi hizi za kuchanganya ina isosianeti, kemikali inayoweza kumletea mtu pumu ya kudumu, na kitambaa hakiizuii hata kidogo. Anahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Kwa hiyo kila kazi inayorudiwa kwa sababu ya haraka, kuna mapafu yanayoilipia mara ya pili. Mimi niliyeshinikiza gari litoke Ijumaa nimo katika lawama hiyo.

Na faiba je? Ni nyepesi, ni rahisi kupata, na kama mpira wako umechanika kabisa au unamomonyoka ukiugusa, sina ugomvi nawe. Badilisha. Ila faiba hainyumbuki. Ukiikaza kwenye kifuniko isichokikaa sawasawa, itaanza kupasuka kwenye matundu ya bolti. Tena BMW iliacha kuunda E30 mwaka 1994, na Kenya kwa kawaida haipokei magari yaliyotumika yaliyozidi miaka 8. Zilizomo nchini ndizo hizo hizo. Mnatupa spoila asilia zinazoponyeka kisha mnazunguka maduka ya vipuri vikuukuu mkizitafuta.

Niliifungua mwenyewe Jumamosi iliyopita. Nati zinafikiwa kutoka ndani ya buti, na ukingo ulioshikwa na gundi niliukata polepole kwa uzi wa kuvulia samaki. Chini yake nilikuta kutu kuzunguka matundu 2, moja upana wa kidole gumba. Maji yalikuwa yakiingia hapo muda wote tuliokuwa tukibishana kuhusu rangi. Mafundi walioipaka hawakuwahi kuitoa, na huyu wa faiba angeifunga mpya juu ya kutu ile ile.

Basi kifuniko kimekwanguliwa, kimepakwa praima ya kuzuia kutu, na matundu yanasubiri mipira mipya ya kuzuia maji. Spoila iko juu ya kabati la jikoni, nusu imekwanguliwa. Mama watoto ameshauliza mara 2 itatoka lini. Nimemwambia siku ya mvua kukatika.